Kimeo Hakina Kosa: Mtoto Anapochelewa Kuongea

Bibi mmoja alinijia wiki iliyopita na mjukuu wake wa miaka miwili na nusu. Nilipomwamkia aliitika marahaba, akaketi, na kabla sijauliza lolote akasema, "Daktari, kimeo tulishamkata, na bado haongei."

Huwa naeleza kwamba mimi si daktari, kazi yangu ni tiba ya matamshi na lugha kwa watoto. Siku hiyo nilishindwa. Nilikuwa nakifikiria kile kiwembe.

Kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni, hakimzuii mtoto kuongea. Kukikata mitaani kumewafikisha watoto hospitalini wakiwa wamevuja damu nyingi au wamepata maambukizi, na wapo waliopoteza maisha. Watu wengine hulaumu kile kiuzi cha nyama chini ya ulimi. Kikiwa kifupi sana kinaweza kumpa mtoto shida ya kunyonya, na baadaye pengine kikamtatiza kwenye sauti chache kama r na l. Lakini mtoto huyo bado ataomba maji, hata kama matamshi hayajanyooka. Asiyesema neno hata moja, tatizo lake tulitafute kwingine.

Mimi huanzia masikioni. Wazazi wengi huniambia, "Anasikia, nikimwita anageuka." Mtoto anaweza kugeuka kwa sababu ameona kivuli chako, au kwa sababu anasikia mlango ukibamizwa, huku sauti nyembamba kama s na f zikimpita kabisa. Kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, kama alipata manjano makali alipozaliwa, kama masikio yake hutoa usaha mara kwa mara, niambie siku ya kwanza kabisa. Na hata kama hayo yote hayapo, bado nitaomba apimwe usikivu.

Akifika mwaka mmoja hivi, mtoto huanza kutoa neno la kwanza na kunyoosha kidole kuonyesha anachokitaka. Kwenye miaka miwili tunategemea awe na maneno kama 50, na aanze kuunga mawili: "mama njoo", "baba gari". Nusu neno nalo nalihesabu. "Ji" ya maji ni neno. Mtoto wa mwaka na nusu asiyenyoosha kidole, asiyegeuka akiitwa jina lake, au wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, huyo mlete sasa. Kwamba baba yake naye alichelewa si sababu ya kukaa naye nyumbani.

Wa miaka mitatu anayesema "lafiki" badala ya rafiki, mwache. Sauti ya r huchelewa, na th, dh na gh nazo huchelewa. Tena katika nyumba nyingi wakubwa wenyewe hubadilisha r na l kwa sababu ya lugha zao za asili. Hiyo ni lafudhi, na mimi siitibu.

Turudi kwa bibi. Nilimwomba acheze na mjukuu kama wanavyocheza nyumbani. Akachukua kikombe. "Hiki nini? Sema kikombe. Sema! Mwambie daktari, kikombe!" Mtoto akakaza midomo, akageukia ukuta. Nawaona wengi hivi, na wote wanaomfanyia mtoto hivyo wanampenda. Ila kwa mtoto, ule ni mtihani, na kila siku anaufeli mbele ya watu.

Nikaleta bakuli la maharage makavu. Nikamwambia bibi amimine kidogo kwenye kikombe, aseme "tia" kila anapomimina, kisha asimamishe mkono hewani na anyamaze. Asiulize. Ahesabu moyoni hadi kumi. Alipofika kama nne alitaka kusema, nikamgusa bega. Mtoto akatazama maharage, akatazama mkono, akapandisha macho hadi usoni kwa bibi. Halafu: "Ti."

Bibi akamimina. "Tia! Tia maharage."

Angalia alichofanya hapo. Hakumsahihisha. Alipokea "ti", akairudisha ikiwa nzima, akaongeza neno moja juu yake. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ninachofundisha, na inafanyika wakati wa kuoga, wa kuchambua mchele, wa kusubiri daladala. Wataalamu wa fani hii ni wachache mno. Shahada yake ilianza kufundishwa Makerere mwaka 2008, ndiyo ya kwanza Afrika Mashariki, na mikoa mingi bado haina hata mmoja wetu. Mimi nitamwona mtoto huyu nusu saa kwa wiki. Bibi anaye kutwa.

Nikamuuliza nyumbani wanaongea naye lugha gani. Akainamisha kichwa. Mwalimu wa chekechea alimwambia aache Kisambaa, eti kinamchanganya mtoto, ndipo naye, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kuungaunga, akabaki na "njoo", "kaa", "acha". Iliniuma sana. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Kinachomkosesha maneno ni kulelewa na mtu aliyeambiwa aiweke kando lugha anayoijua kuliko zote. Nikamwambia, "Bibi, mwongeleshe Kisambaa. Msimulie, mwimbie, mgombeze kwa Kisambaa."

Walipokuwa wanaondoka, bibi alikuwa amesimama mlangoni akifunga kanga. Bila kumtazama mtoto, bila kunyoosha mkono, akamwambia sentensi ndefu ambayo mimi sikuielewa. Mtoto akarudi chini ya meza yangu, akatoka na viatu vyake, cha kulia na cha kushoto.

Nikafungua tena faili na kuandika: anaelewa maagizo bila ishara. Kisambaa.