Je, wajua? Seli za kuchangiwa hazigeuki kuwa gegedu lako

Ukiguguna mfupa wa paja la kuku hadi mwisho, unakuta kofia nyeupe, laini, inayoteleza, imefunika ncha. Hilo ndilo gegedu. Goti lako nalo linalo, na likitoboka halijizibi vizuri, maana halina mishipa ya damu.

Niliposikia kwamba madaktari huweka gotini seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kutoka uboho wa mtu mwingine, nilielewa hivi: zinapandwa kama mbegu, zinaota, zinakuwa gegedu jipya. Nikawaeleza hivyo na wenzangu. Sivyo kabisa.

Jambo hili lilipimwa katika hospitali ya chuo kikuu ya Utrecht, Uholanzi. Madaktari walikwangua kingo za gegedu lililoharibika, wakatenga seli za mgonjwa mwenyewe papo hapo, naye angali chumba cha upasuaji. Zilikuwa chache mno kujaza shimo, hivyo zikachanganywa: katika kila seli kumi, nane au tisa zilikuwa seli shina za mchangiaji. Zikashikizwa shimoni kwa gundi ya fibrini, protini ileile inayogandisha damu kwenye kidonda. Mwaka mmoja baadaye walichungulia tena na kuchukua kipande kidogo cha gegedu lililoota. Kwa wagonjwa 10 wa kwanza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha vinasaba vya mgonjwa peke yake. Zile seli nyingi za mchangiaji hazikuonekana tena.

Zilifanya nini basi? Mfikirie mkunga. Anaitwa usiku, anaingia, anaelekeza, anatia moyo, anashika pale panapotaka kushikwa. Mtoto akishalia, anajifunga kanga yake na kurudi kwake. Mtoto hana damu ya mkunga hata tone, ila kazi yake imo katika kuzaliwa kule. Seli za mchangiaji nazo, kwa kadiri majaribio ya maabara yanavyoonyesha, hutoa kemikali zinazozihimiza seli za mwenyeji zijenge. Arnold Caplan, Mmarekani aliyezipa seli za aina hii jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991, mwaka huohuo wa 2017 aliandika akitaka jina lenyewe libadilishwe.

Watu 10 ni wachache, na shida yao ilikuwa mashimo yenye mipaka, si goti la uzeeni lililosagika lote. Anayekuuzia sindano ya kukurudishia goti la ujana anakwenda mbali kuliko ushahidi huu.

Kwa mfupa, ajabu hii ilionekana zamani zaidi. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Los Angeles alieleza jinsi alivyochukua mfupa, akautoa madini kwa asidi hadi pasibaki seli hai, akaupachika ndani ya msuli wa sungura. Mfupa mpya ukaota humohumo katikati ya nyama, na seli zilizoujenga zilikuwa za sungura mwenyewe.