Sala ya kufungua kikao na karatasi ya mahudhurio

Kesi nyingi za ardhi ninazoshika hapa Moshi huanzia kwenye mihtasari ya vikao vya kijiji na kata, kwa hiyo nimesoma mihtasari mingi kuliko riwaya. Ajenda ya kwanza karibu haibadiliki: mwenyekiti alifungua kikao saa fulani asubuhi kwa sala. Mstari huo huwa nauruka, naenda kutafuta nani alimgawia nani shamba. Mwezi uliopita ofisa mtendaji wa kata moja ya mlimani alinirudisha hapo.

"Wakili, kuna mtumishi kanigomea," alisema kwenye simu. "Anadai nikifungua kikao kwa sala navunja katiba. Kweli navunja?"

Mtumishi mwenyewe ni ofisa ugani, Mwislamu, mzaliwa wa Kondoa, na kata ile karibu watu wote ni Walutheri. Mtendaji akaniapia kwamba hajamlazimisha mtu. Alishatangaza kuwa asiyetaka sala atoke nje kidogo, ikiisha arudi.

Katiba yetu haina kigugumizi hapa. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, inaifanya ibada kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini wimbo wa taifa wa nchi hiyohiyo isiyo na dini ni dua kuanzia mstari wa kwanza. Bunge huanza kikao kwa dua, na Rais akiapa humwomba Mwenyezi Mungu amsaidie. Mahakamani shahidi huulizwa dini yake kabla ya kusema neno. Mkristo huapa, Mwislamu huthibitisha, na mzee asiye na mojawapo huandikwa "mpagani", neno ambalo binafsi ningelifuta kesho asubuhi. Kwa hiyo anayedhani kutaja jina la Mungu katika ofisi ya umma ni kosa, hajaisoma nchi yake. Kwetu swali ni kama aliyemo chumbani anaweza kutoitikia bila kulipia.

Mahakama ya Rufani imeshalipitia jambo la jirani na hili. Mwaka 2013 iliwapa haki wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Hakuna aliyeambiwa aache kuimba. Kilichoondolewa ni adhabu kwa anayenyamaza.

Wamarekani wamegombania neno "hiari" kuliko sisi, na kesi zao zinafundisha. Bodi ya elimu ya jimbo la New York ilitunga sala ya maneno 22 isomwe shuleni asubuhi, na mtoto asiyetaka aliruhusiwa kukaa kimya au kutoka. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikataa: kutunga sala si kazi ya serikali, hata kama mlango uko wazi. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ikaruhusu sala ya kufungua vikao vya baraza la mji wa Greece, jimbo lilelile, kwa kura tano dhidi ya nne. Waliopinga walimtazama mwananchi anayekuja barazani na shida yake, na dakika chache baadaye anatakiwa kuwaomba kitu watu walewale waliomwona hakuinamisha kichwa. Mimi niko upande wa wale wanne. Kanada iliamua kinyume mwaka 2015, katika kesi ya mji wa Saguenay: baraza la mji lisiswalishe.

Sasa turudi mlimani. Nilimwuliza mtendaji swali moja: karatasi ya mahudhurio inapitishwa saa ngapi?

Akanyamaza kidogo. "Tukishakaa. Inaanza kuzunguka wakati wa sala, tusipoteze muda."

Hapo ndipo hiari ilipoishia. Anayetoka nje anarudi na kukuta karatasi imempita. Inabidi aifuate mbele ya diwani, ajieleze alikuwa wapi, na jina lake linakaa mwisho, limebanwa chini ya mstari. Karatasi hiyo ndiyo ya posho. Na anayeandika kwamba ofisa ugani alihudhuria au alichelewa ni mtendaji mwenyewe. Mlango uko wazi, lakini kila anayeupita anaonekana na anahesabiwa.

Akapendekeza dawa ambayo sote tumezoea: Mkristo asali, kisha Mwislamu apige dua, pande zote ziridhike. Ni ustaarabu mzuri, na sitambeza anayeufuata. Ila hizo pande mbili zinamwacha Mhindu, Singasinga, na yule mzee wa "mpagani". Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji upande wa Monduli, mzee wa Kimaasai akabariki na umati mzima ukaitikia "Naai", yaani "Ewe Mungu", Walutheri wakiwemo, bila mtu kuuliza hiyo ni dini gani. Lakini pale hakukuwa na karatasi inayozunguka, wala mzee yule hakuwa mwajiri wa mtu.

Nilichomshauri ni kidogo. Wanaotaka kusali wasali saa nne kasoro dakika kumi, kabla mwenyekiti hajafungua kikao. Sala iongozwe na mjumbe yeyote, siyo diwani wala mtendaji. Saa nne kamili kikao kifunguliwe, na karatasi itoke hapo. Kwenye muhtasari, sala isiandikwe kabisa, kama chai isivyoandikwa.

Mtendaji alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa wakili. Lakini hawa watu wangu, saa nne kasoro dakika kumi hata mmoja hajafika."

Nikamwambia basi huenda sala yenyewe nayo walikuwa wakiijia kwa sababu ya karatasi. Alicheka, akasema hilo hatalisema mbele ya mchungaji.