Lakabu ya shujaa mwenye deraya: maana yake na namna ya kuipata

Lakabu ni jina analopewa mtu, au analojipa mwenyewe, juu ya lile alilozaliwa nalo, kwa sababu ya tendo, sura au cheo. Katika michezo ya kuigiza wahusika, ile ya kukaa mezani na dadu, karatasi na msimuliaji anayeongoza kisa, lakabu ndiyo wenzako wanayoijua kwanza kuhusu mhusika wako. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Vijana ninaocheza nao hapa Mtwara hawasumbuki kuchagua silaha wala kugawa alama za nguvu. Wanakwama kwenye jina, hasa mhusika anapokuwa watu wawili ndani ya mmoja: naiti, yaani askari mpanda farasi wa Ulaya ya zamani aliyevaa deraya (vazi la chuma la vitani) na kula kiapo, na papo hapo shujaa wa ajabu mwenye uwezo unaompita binadamu.

Wanakwama kwa sababu majina ya watu hao wawili hufanya kazi zinazopingana. Kofia ya chuma ilimfunika naiti uso, ndiyo maana kuanzia karne ya 12 wapiganaji wa Ulaya wakawa wanachora alama za koo zao kwenye ngao ili watambuliwe vitani. Jina nalo lilimtangaza: fulani wa mahali fulani. Shujaa wa ajabu hufunika uso ili asijulikane. Lakabu yake ni kificho, maadui wasije wakamwandama mama yake nyumbani. Basi anayemtafutia jina naiti mwenye nguvu za ajabu anatafuta neno linalotangaza na kuficha kwa mkupuo mmoja.

Kwetu kusini jambo hili si geni hata kidogo. Tazama lipiko, kinyago cha Wamakonde ambacho mchezaji ngoma hukivaa kichwani kama kofia. Kinapotokea uwanjani kila mtu anaona ni nani aliyekuja, mzee au mgeni au shetani, lakini aliye ndani hatajwi. Tazama pia jando. Kwa desturi kijana hutoka huko na jina jipya, na kumwita kwa lile la utotoni ni kumvunjia heshima. Jina jipya linasema amekuwa nani, la zamani linafunikwa. Sioni mfano bora wa kumweleza mtoto wa Newala maana ya lakabu ya shujaa.

Kwa hiyo mimi huanza na mahali. Angalia majina ya huku: Nachingwea, Nanyumbu, Nanyamba, Naliendele, Nangurukuru. Ukibuni ngome na kuianzishia Na-, msikilizaji anaiweka kwenye ramani bila kuambiwa. Tulibuni yetu tukaiita Nangao. Aliyezoea barabara ya Masasi anasikia kijiji, na wa pwani anasikia "na ngao". Nilifurahi sana siku ile.

Baada ya mahali, uliza kiapo: anamlinda nani, na kwa uwezo gani? Cheo si cha kuhangaikia. Ukipenda Sir, kumbuka Waingereza huiweka mbele ya jina la kwanza, haikai mbele ya jina la ukoo peke yake. Mimi napenda zaidi farisi, neno lililotoka Kiarabu, ambako lina maana ya mpanda farasi.

Kuna majina nisiyoyagusa. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vilianzia Nandete, Umatumbi, na wazao wa waliopigana bado wapo. Jina la babu wa mtu halifai kuanguka mezani kwa sababu dadu imetoa moja na mhusika ameshindwa.

Kijana mmoja alikuja na jina la maneno manne ya Kiingereza, lenye giza, damu na chuma. Nikamuuliza shujaa wake anamlinda nani. Akasema wavuvi. Kwa uwezo gani? Anauamuru upepo. Upepo upi? Akafikiri, akacheka: "Kusi, mwalimu." Neno lenyewe linabeba upepo wa katikati ya mwaka, ule unaowafanya wavuvi waitazame bahari mara mbili kabla ya kushusha ngalawa, na linabeba pia upande wetu wa nchi. Ni silabi mbili tu, mwenzako anaweza kuliita kwa sauti akiwa amezingirwa. Tukaandika juu ya karatasi: Kusi wa Nangao. Jina la nyumbani la shujaa huyo aliliandika nyuma ya karatasi, akaligeuza chini, na mpaka leo hajatuonyesha.