Kabla ya Kununua Nyumba: Dhana Potofu Kuhusu Mabomba

"Maji yanatoka kwa nguvu, basi mabomba ni mazima."
Koki moja haithibitishi kitu. Fungua ya jikoni na ya bafuni kwa pamoja, kisha mtu aflashi choo. Maji ya bafuni yakinywea ghafla, huenda bomba ni jembamba mno, koki kuu haijafunguka yote, au bomba la chuma limejaa kutu. Bomba la chuma huziba kuanzia ndani: nje unaliona zima, kumbe tundu limebaki kama la kalamu. Kinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba la kuogea. Ikijaa ndani ya dakika moja, ni vizuri. Ikichukua dakika mbili, tafuta sababu.

Nguvu ikizidi nayo ni kasoro. Geji ya presha ikisoma zaidi ya baa 5.5, panahitajika kipunguza presha, la sivyo mipira ya chini ya sinki itapasuka mapema.

"Sakafu ni kavu, kwa hiyo hakuna panapovuja."
Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia, kwa sababu bomba lililo chini ya ardhi huvuja kimyakimya na maji yakanywewa na udongo. Mita ndiyo itakayokuambia. Kama nyumba ina tangi, lisubiri lijae kwanza. Funga koki zote, andika namba za mita pamoja na zile nyekundu za mwisho, kaa saa nzima bila mtu kugusa maji, kisha soma tena. Zikisogea, funga koki kuu ya nyumba. Mita ikiendelea kuzunguka, panavuja kati ya mita na nyumba, au koki yenyewe haifungi sawasawa; ikisimama, tatizo liko ndani.

Ila tangi likishajaa, mita huenda isionyeshe haraka maji yanayovuja kwenye tangi au kwenye mabomba yanayotoka humo. Kwa hiyo funga pia maji yanayoingia kwenye tangi, weka alama kwenye usawa wa maji, urudi baada ya saa kadhaa. Choo nacho kina kipimo chake: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake na usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa kuzuia maji umechoka. Hilo ni tengenezo dogo, lisikuvunje moyo.

"Maji ya kutu yanamaanisha mabomba yote yabadilishwe."
Linganisha kwanza. Kutu ikitoka upande wa maji ya moto tu, shuku hita. Ikitoka pande zote mbili, shuku mabomba ya nyumba au yale yanayoiletea maji.

"Wamepaka rangi upya, ni watu wanaotunza nyumba."
Huenda. Lakini kipande kimoja kipya katikati ya dari kuukuu, hasa chini ya bafu la ghorofani, kiulizie. Pitisha kiganja ukutani nyuma ya choo na ndani ya kabati la sinki: ubaridi wenye unyevu, rangi iliyovimba au unga mweupe wa chumvi ni dalili ya maji.

"Harufu ya maji taka ni ishara ya mfumo kuoza."
Nyumba ikikaa bila watu, maji yanayozuia hewa kwenye kona ya bomba chini ya sinki na sakafuni hukauka. Mwaga maji kila tundu, subiri. Harufu isipoisha, kuna mwanya mahali pengine.

"Nyumba mpya haina haja ya kukaguliwa."
Katika nyumba mpya, saruji na uji wa kujazia vigae mara nyingi huoshewa kwenye mabomba ya maji taka na kugandia humo. Jaza sinki na beseni zote, ziachie kwa mpigo huku choo kikiflashiwa, nawe simama penye chemba (shimo la kukagulia maji taka) iliyo wazi. Maji yapite kwa kasi, yasituame. Bomba la milimita 100 linatakiwa kushuka takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Na kama mfuniko wa chemba umezibwa kwa zege au vigae, muuzaji aufungue kabla hujalipa.