Ukiiponda Dei Kea Mtandaoni: Wanayosema Watu na Inavyosema Sheria

Mtoto akirudi na alama ya kung'atwa, nepi ya asubuhi bado anayo, na dada wa kituo anajibu kwa mkato, mzazi wa leo hafungi safari kwenda kwa afisa ustawi. Anafungua simu. Anakipa kituo nyota moja kwenye ramani ya Google, anamwaga yake kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, na kama hasira hazijaisha anamalizia na stetasi. Haki ya kusema anayo: Ibara ya 18 ya Katiba inampa uhuru wa kutoa maoni. Tatizo ni imani anazoandikia, nyingi zimeokotwa humohumo mitandaoni, nyingine zinatoka kwenye sheria za nchi za watu. Nazungumzia Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya 2011.

"Kama ni kweli, hawanipati"

Hii ndiyo dhana kubwa, na ubaya wake ni kwamba ina nusu ya ukweli. Ukweli ni utetezi. Lakini hauzuii mtu kukufungulia kesi, na ukishafunguliwa, mwenye kazi ya kuuthibitisha ni wewe uliyeandika. Mwenye kituo ataonyesha tu kwamba maneno yaliandikwa, yanamhusu na yanamshushia hadhi. Kwa kuwa ni ya maandishi, halazimiki hata kuonyesha amepoteza shilingi ngapi.

Chukua ujumbe wa aina mbili kuhusu kituo kilekile. Wa kwanza: "Hawa ni wauaji. Wanatesa watoto, wanawanyima chakula na kuwapa dawa za usingizi. Msipeleke." Wa pili: "Jumanne nilimfuata mwanangu saa kumi na moja na nusu jioni, nikamkuta na alama ya kung'atwa mkono wa kushoto. Nilipouliza, nikaambiwa hakuna aliyeona. Chakula nilichomfungia kilikuwa kwenye hotpoti kama nilivyokiweka. Nimemtoa."

Ule wa kwanza unaweza kuwa kweli tupu, ila mahakamani utaulizwa: dawa gani, nani alimpa, ulijuaje? Kama jibu ni "mtoto alikuwa analala sana akirudi nyumbani", umekwama. Ule wa pili kila sentensi ina ushahidi wake: picha yenye tarehe, cheti cha zahanati, ujumbe wa WhatsApp uliomtumia mwalimu jioni ileile. Na kwa maoni yangu ule wa pili ndio unaomtisha mzazi mwingine zaidi, maana "wauaji" watu wanaisoma kama hasira, lakini hotpoti iliyorudi imejaa kila mzazi anaijua.

Kuna kingine ambacho wengi hawakijui. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, inapoeleza kashfa, haitaji ukweli peke yake. Inataka jambo liwe la kweli na kulitangaza kuwe na manufaa kwa umma. Usalama wa watoto una manufaa kwa umma, hilo halina ubishi mkubwa. Lakini ukichomeka kwamba mmiliki ameachika, au anadaiwa VICOBA, au mwalimu fulani "ana tabia zake", umetoka nje ya uwanja hata kama yote ni kweli.

"Nimeandika 'kwa maoni yangu'"

Neno hilo si dawa. Mahakama inaangalia msomaji wa kawaida ataelewa nini. "Kwa maoni yangu ada ni kubwa kuliko huduma" ni maoni. "Kwa maoni yangu mmiliki anaiba ada za wazazi" ni tuhuma ya wizi iliyovalishwa koti. Maoni yanayolindwa ni yale yanayosimama juu ya jambo lililotokea kweli, ambalo msomaji anaweza kuliona na kuamua mwenyewe. Ndiyo maana ni vizuri kusema kwanza ulichokiona, kisha unakionaje.

"Nasikia" ni mbaya zaidi. Kurudia uvumi ni kuutangaza upya, na mahakamani hutajitetea kwa kusema ulimsikia mama fulani saluni. Vivyo hivyo kuforwadi: usiyemjua ndiye aliyeandika, lakini kwenye grupu la kwaya umeupeleka wewe.

"Sijataja jina"

"Ile dei kea yenye geti la bluu, ukishuka kituo cha daladala ni nyumba ya tatu, mwenyewe anaendesha Noah nyeupe." Umeshataja. Kipimo ni kama wanaomfahamu watamtambua, na kwenye mtaa wenye kituo kimoja hata geti si lazima ulitaje.

"Grupu la wazazi ni la siri"

Kisheria, kutangaza maana yake ni maneno kumfikia mtu mmoja tu zaidi yako na unayemsema. Grupu la wazazi 80 ni mkutano wa hadhara, tena wenye kumbukumbu ya maandishi.

Hata hivyo hapa sheria si katili kama wengine wanavyotisha. Kuna kinga ya masharti kwa mawasiliano kati ya watu wenye maslahi halali katika jambo moja. Mzazi anayewaambia wazazi wenzake wa kituo hichohicho kwamba geti lilikutwa wazi na watoto wako nje, kwa nia njema na bila chumvi, ana mahali pa kusimama hata ikionekana baadaye alikosea kidogo. Kinga hiyo inakufa kwa mambo mawili. La kwanza ni chuki: ukionekana uliandika ili kumkomoa, labda kwa sababu mna ugomvi wa ada ya miezi miwili, basi. La pili ni kuvuka mipaka ya walengwa. Habari ileile ukiipeleka kwenye grupu la harusi, la VICOBA na la wana-mtaa, ile hoja ya "tuna maslahi ya pamoja" inakuwa ngumu kuitetea. Kwa hiyo nyota za Google, ambazo kila mtu duniani anaziona, zinahitaji uangalifu kuliko grupu, na grupu linahitaji uangalifu kuliko simu kwa mzazi mwenzako.

"Natumia akaunti feki"

Akaunti ni feki, laini si feki. Tangu 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi njia ya kudai taarifa za mtumiaji wanapochunguza kosa. Hilo si la kwenye karatasi tu. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa Jamii Forums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa na kufikishwa mahakamani, miongoni mwa mashtaka yakiwa ya kutowapa polisi taarifa za wachangiaji. Yeye aligoma. Usitegemee kila mwenye mtandao atagoma kwa ajili yako na nyota yako moja.

Tena kwa mambo ya dei kea kujificha hakuna maana sana. Ukiandika mtoto wa miaka miwili na nusu aling'atwa Jumanne, mwenye kituo anajua ni nani kabla hajamaliza kusoma.

"Siku hizi kashfa si jinai"

Wanaosema hivi wana sababu. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha iliona vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari, vikiwemo vya kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaibadilisha sheria hiyo na kuitoa kashfa kwenye jinai. Jirani zetu walitangulia: Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu ya Kenya alikitupa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kinawapeleka watu jela kwa kashfa.

Kinachosahaulika ni ile Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kifungu cha 16 kinamhusu mtu anayechapisha kwenye mfumo wa kompyuta habari anayojua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kudanganya umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Angalia maneno "anayojua": mzazi aliyeandika kwa kuamini kwa dhati hakulengwa na kifungu hicho, na mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba alijua ni uongo ni upande wa mashtaka. Ila kati ya kuitwa polisi kuhojiwa, simu kushikiliwa kama kielelezo, na kuachiwa, kuna usumbufu ambao hakuna anayekurudishia.

Na kuna kifungu cha 23, cha unyanyasaji mtandaoni, chenye adhabu inayofanana. Hicho kinamnasa yule ambaye baada ya kuandika maoni yake anaanza kumtumia mmiliki jumbe za usiku: "Nitakuonyesha, utafunga hicho kibanda chako." Malalamiko yako yangeweza kuwa halali kabisa, ukayaharibu kwa meseji tatu za saa tano usiku.

"Kituo chenyewe hakijasajiliwa, atanishtakije?"

Nyumba nyingi zinazolea watoto mitaani hazina usajili wa Ustawi wa Jamii, na watu hudhani hilo linamnyima mwenyewe haki. Halimnyimi. Kukosa usajili ni kosa lake na serikali, lakini jina lake analo kama mtu yeyote, na kesi ya kashfa inafunguliwa kwa jina la mtu. Unaloweza kufanya ni kusema hilo lenyewe: "Niliomba kuona cheti cha usajili, sikuonyeshwa." Hilo ni tukio lililotokea mbele yako, na wala huhitaji kuongeza "matapeli".

"Picha ni za mwanangu, naziweka nitakavyo"

Za mwanao ni jambo moja, ingawa mtoto mwenye jeraha usoni atakuja kuwa kijana wa sekondari na picha itakuwa bado ipo. Wale watoto sita waliolala nyuma yake kwenye mkeka si wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Ziba nyuso, au kata picha ibaki na mkono wenye alama.

"Kwenda Ustawi ni uchochezi, afadhali kuposti"

Hapa tumegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wajibu, si hiari. Anayepeleka malalamiko kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto pale kituo cha polisi, au anayepiga 116, namba ya simu ya kutoa taarifa za watoto, anazungumza na mtu mwenye kazi ya kusikiliza, na kama hasemi uongo kwa makusudi sheria inamlinda kuliko inavyomlinda anayeposti. Kwenye stetasi hakuna mwenye mamlaka ya kwenda kukagua vyoo vya kituo.

Na kuna faida nyingine. Mtoto akiwa ameumizwa, polisi watakupa PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali, daktari ataijaza, na utabaki na namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Karatasi hizo mbili ndizo zitakazokubeba kama siku moja utaulizwa uthibitishe ulichoandika. Waliotangulia kuposti mara nyingi hawana hata moja, na alama ya meno hupotea haraka.

"Nimeshafuta, yameisha"

Skrini shoti ilishapigwa. Madai ya aina hii yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka mitatu (Kenya ni miezi 12, na ndiyo namba inayozunguka sana mitandaoni hadi huku). Kufuta haraka na kusahihisha pale ulipokosea kunasaidia lakini, kwa sababu mahakama ikipanga fidia inaangalia maneno yalikaa muda gani, yalifika wapi, na kama uliomba radhi.

Ukipokea barua ya wakili inayodai milioni 50 na radhi ndani ya siku saba, kwanza jua kwamba hiyo namba ameiandika wakili, hajaiandika hakimu. Usijibu kwa hasira, na usiipige picha kuiposti. Kama kila ulichoandika ulikiona na una karatasi zake, jibu fupi lenye kueleza hivyo huwa linatosha kumaliza mchezo. Kama kuna sentensi moja uliyoongeza chumvi, iondoe hiyo, ubaki na nyingine. Ikija hati ya madai yenye muhuri wa mahakama, hapo siku zinahesabika: una siku 21 tangu upokee wito kuwasilisha utetezi wako wa maandishi, na ukinyamaza kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja, hotpoti yako na cheti chako cha zahanati vikiwa nyumbani.