Kumsaka askari wa kawaida wa jeshi la Kusini

Karibu kila anayeniletea shida ya babu aliyepigana upande wa Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), huanza na jina. Mimi huuliza kaunti, yaani wilaya ya jimbo. Kombania ziliundwa nyumbani, majirani na mashemeji pamoja. Ukijua alikoishi kwenye sensa ya 1860, akina John Smith wa kwingine unaachana nao.

Jalada lake liko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington, na mengi yanasomeka mtandaoni. Ila usidhani umeshika karatasi za vitani. Kuanzia 1903, makarani wa Wizara ya Vita ya Marekani walipitia madaftari ya kombania, hospitali na magereza. Kila jina la askari lilipotokea, wakalinakili kwenye kadi. Kadi za mtu mmoja zikatiwa bahasha moja. Ndiyo maana J. W. na John W. huweza kuwa na bahasha mbili, na mtu ni yuleyule.

Kadi ya kawaida ina rejimenti na kombania juu, kisha “Julai na Agosti 1862”, kwa kuwa hesabu ilikuwa ya miezi miwili miwili. Halafu: yupo au hayupo. Hapo ndipo watu hukurupuka. Kuna asiyekuwepo kwa ugonjwa, kwa ruhusa, na bila ruhusa, na hata huyu wa mwisho si lazima awe mtoro. Wapo waliokwenda kuvuna wakarejea. Soma mstari wa maelezo, kisha kadi inayofuata, ndipo uhukumu. Angalia pia tarehe ya kujiandikisha: sheria ya kulazimisha watu jeshini ilipita Aprili 1862, na aliyeingia kabla yake hakusukumwa nayo.

Kadi zikikatika 1864, usimzike. Richmond, mji mkuu wa Kusini, ulipohamwa Aprili 1865, nyaraka zilisafirishwa hadi Charlotte, North Carolina, ambako Jenerali Samuel Cooper wa Kusini alizikabidhi kwa Kaskazini. Nyingine zilipotea katika vurugu hizo.

Basi nenda kwa adui wake, Kaskazini, ambaye kwa bahati alikuwa mwandikaji mzuri. Waliofungwa Point Lookout, Maryland, au Camp Douglas, Chicago, wana kumbukumbu za mateka, na aliyekula kiapo cha utii kwa Marekani mara nyingi aliandikwa kimo, rangi ya macho na ya nywele. Kwa maskini asiyewahi kupigwa picha, hakuna sura nyingine.

Pensheni walilipwa na majimbo, na faili liko jimbo alilozeekea: mtu wa Georgia aliyehamia Texas mtafute Austin, mji mkuu wa Texas. Isome kwa jicho kali, kwani mtoro hakustahili kulipwa, hivyo kila mwombaji alitumikia “kwa uaminifu hadi mwisho”. Mimi hukimbilia viapo vya mashahidi. Mara nyingi ni wenzake wa kombania, na kadi zao huweza kuonyesha kombania ilikuwa wapi miezi ambayo zake ziko kimya.