Shairi la Kila Siku Halidai Uchambuzi wa Kila Siku

Walimu wenzangu wa Kiswahili hapa Mwanza wakisikia kwamba darasa langu husoma shairi kila siku, swali lao huwa ni lile lile, na juzi nimeulizwa tena na mwalimu wa mazoezi aliyekuwa amekaa dawati la nyuma na daftari lake wazi: "Sasa mwalimu, uchambuzi unaufanya saa ngapi?" Siufanyi. Imani inayonichosha ni kwamba shairi ambalo halikutajiwa dhamira, ujumbe, msimamo, muundo, mtindo na tamathali za semi ni shairi ambalo halikusomwa, kana kwamba mshairi alitunga ili sisi tupate vichwa vya habari vya kuandika ubaoni. Uchambuzi una vipindi vyake katika azimio la kazi, mtihani wa kidato cha nne unaudai, nami naufundisha kama wanavyoufundisha wengine. Shairi la kila siku ni kazi nyingine kabisa.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Beti moja au mbili huandikwa pembeni mwa ubao siku ya Jumatatu na hazifutwi hadi Ijumaa. Siku yenye kipindi changu tunazisoma katika utangulizi, na siku isiyo na kipindi tunazisoma wakati wa kuita mahudhurio, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa darasa. Nasoma mimi, anasoma mwanafunzi mmoja, linasoma darasa zima, kisha nauliza swali moja tu, tena lisilo na jibu la kukariri: ni neno gani limekukaa? Dakika tano kati ya arobaini zimekwisha, tunaingia kwenye mada.

Kinachopuuzwa zaidi ni kwamba shairi hubaki lile lile wiki nzima. Wengi walioniiga walibadilisha shairi kila asubuhi, wakachoka, wakasema jambo hili halitekelezeki. Usomaji wa kwanza wa shairi lolote darasani ni wa kubabaisha, maana macho yanatafuta silabi na ulimi unajikwaa. Ni katika usomaji wa tatu au wa nne ndipo sauti inapotua penye maana. Niliwahi kuwatungia mishororo hii miwili:

Ziwa limetanda giza, dagaa wanaitana,
Karabai zaangaza, wavuvi wanaonana.

Jumatatu waliiimba kwa ule mlio wa ngonjera ya kumkaribisha mgeni rasmi, mkono mmoja ukipaa na mwingine ukishuka, kila kipande kikiwa na uzito uleule. Siku zilizofuata walianza kuvuta pumzi mahali panapostahili. Kabla wiki haijaisha, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini liwe giza, na mwenzake anayetoka Kirumba, jirani na mwalo, akamjibu kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wa karabai husubiri siku za giza. Hapo mandhari, taswira na uhusiano wa sanaa na jamii vilikwisha kuguswa na watu wawili ambao hawakuombwa kuvitaja. Ningeanza na "taja dhamira tatu", ningepewa umoja, kazi na umaskini, majibu ambayo hutolewa kwa shairi lolote, hata la harusi.

Hata mizani, yaani hesabu ya silabi katika mshororo, ambayo wapenzi wa uchambuzi huiona kuwa mali yao, hufundishwa vizuri zaidi na masikio. Mwanafunzi anayehesabu kwa macho huliona neno "mtumbwi" likiwa na m mbili na hajui azifanyeje. Anayelisoma kwa sauti kila siku husikia kwamba m ya mwanzo inasimama peke yake na ile ya katikati imebebwa na silabi yake: m-tu-mbwi, mizani tatu. "Nchi" ni mbili, "nyumba" nazo ni mbili. Nimeona kanuni hii ikielezwa kwa kipindi kizima na darasa likatoka limechanganyikiwa kuliko lilivyoingia. Vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, navyo vina manufaa yake hapa Kanda ya Ziwa, ambako wengi wetu tumekulia katika lugha za nyumbani zinazotuchanganyia l na r: ubeti wenye kina cha -la humfichua mara moja anayesema "kurara", na humrekebisha bila mwalimu kumwaibisha mbele ya wenzake.

Wapo wanaodhani kwamba mazoea haya yanafaa mashairi ya kimapokeo peke yake. Mshairi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwendo wa kivuko kutoka hapa, na diwani yake ya mwaka 1974 ilichochea mabishano makali kati ya wanamapokeo na wanausasa kwa sababu haikufuata vina wala mizani. Nikiweka ubaoni shairi huru la namna hiyo, darasa hupoteza mwendo linaposoma kwa pamoja, kwa kuwa hakuna kina cha kuwakusanya mwishoni mwa mstari. Basi shairi huru nalisomesha kwa sauti ya mtu mmoja mmoja, na ukimya wa wengine unakuwa sehemu ya usomaji. Anayesubiri kuhesabu vina hapo atasubiri sana.

Nina mashaka yangu, na sitayaficha. Sina namna ya kuonyesha kwamba dakika hizi zimempandisha mwanafunzi yeyote daraja katika mtihani, na mwalimu wa taaluma akinibana kwa hoja hiyo sina jibu la kumtosheleza. Linalonisumbua zaidi ni usomaji wa pamoja, kwa sababu darasani mwetu wamo wanaosoma kwa shida, nao hujificha ndani ya sauti ya kundi wakifungua midomo kama wengine. Naweza kumpa mmoja wao zamu ya kusoma peke yake siku ya Ijumaa, wakati mishororo imekwisha kuzoeleka, lakini hapo sijui kama anasoma au anakumbuka tu. Mara nyingine nadhani kukumbuka kwenyewe ni hatua ya kwanza ya kusoma, na mara nyingine nadhani najifariji. Kwa sasa nimeanza kuwapa wanafunzi wa namna hiyo mishororo ile ile ikiwa imevurugwa mpangilio, waipange upya kwenye daftari bila kutazama ubao, maana mwenye kukariri kwa sikio tu hukwama hapo, nami najua wa kukaa naye baada ya vipindi.